Vipele vya alfajiri: Mjue kunguni, tibu mwasho, na chupa isiyo na jina iache

Msomaji mmoja, mama wa watoto wanne anayeishi Chokocho, wilaya ya Mkoani, Pemba, ameniandikia. Anasema kwa muda wa mwezi mzima watoto wake wawili wanaamka na vipele mikononi, shingoni na usoni. Wanajikuna mpaka ngozi inachubuka. Dukani ameuziwa mrija wa dawa ya kupaka, akaambiwa ni upele. Jirani amemwambia ni harara za joto, zitaondoka zenyewe. Mume wake, aliporudi kutoka dago, alikuja na chupa ndogo ya dawa ya wadudu isiyo na kibandiko, na aliyempa amemwelekeza ainyunyize kwenye magodoro kisha walale.

Mama huyu anauliza mambo matatu: watoto wana nini, wapakwe nini, na ile chupa aitumie au aiache?

Nianze na swali la mwisho kwa sababu haliwezi kungoja. Mama, chupa hiyo usiifungue. Iweke mahali pa juu, mbali na watoto na mbali na chakula, wala usiihamishie kwenye chupa ya soda au ya maji. Sababu zake nitazieleza huko mbele.

Kuhusu watoto, barua yenyewe ina jibu ndani yake. Mama anataja, kama jambo la kupita tu, kwamba pembeni mwa godoro la watoto kuna "vidoa vyeusi kama vya wino wa kalamu". Hao ni kunguni, na vidoa hivyo ni kinyesi chao.

Mdudu mwenyewe

Kunguni ni mdudu mdogo, bapa, mwenye umbo la yai na rangi ya kahawia. Hana mbawa, haruki wala harukiruki kama kiroboto, anatembea tu. Mkubwa ana urefu wa milimita 4 hadi 5, karibu sawa na punje ya choroko iliyobanwa. Akishiba damu huvimba, hurefuka na kuwa mwekundu uliokoza. Watoto wake ni wadogo mno na weupe weupe, na ni vigumu kuwaona mpaka wawe wamekunywa damu.

Duniani kuna aina mbili zinazomsumbua sana binadamu. Moja ni Cimex lectularius, aliyezoea zaidi nchi za baridi. Nyingine ni Cimex hemipterus, kunguni wa nchi za joto, na huyu ndiye mwenyeji wa pwani yetu. Kwa mwenye kuumwa hakuna tofauti. Kwa mwenye kupigana nao ipo moja: kunguni wa nchi za joto ana miguu inayoshika vizuri zaidi sehemu laini. Kwa hiyo ile mbinu ya kuweka miguu ya kitanda ndani ya makopo inaweza kumpunguza, lakini usiitegemee peke yake.

Jike hutaga mayai machache kila siku, na katika uhai wake hufikisha mamia. Yai huanguliwa kwa siku 6 hadi 10. Mtoto hujivua ngozi mara 5 kabla ya kuwa mkubwa, na kila mara lazima apate mlo wa damu. Asipopata mtu wa kumuuma anaweza kukaa miezi akisubiri, ingawa kwenye joto kama letu hawezi kusubiri muda mrefu kama kwenye baridi. Kumbuka habari hii ya mayai, kwa sababu ndiyo inayofanya watu wapige dawa mara moja, wafurahi wiki moja, kisha walie upya.

Kunguni haishi mwilini kama chawa. Mchana amejificha kwenye mshono wa godoro, kwenye maungio ya kitanda, kwenye ufa wa ukuta, kwenye pindo la chandarua au kwenye mkeka uliokunjwa. Usiku, hasa kuelekea alfajiri, hutoka akifuata joto la mwili na pumzi zetu. Huuma kwa dakika 5 hadi 10 hivi, kisha hurudi alikotoka. Mate yake yana vitu vinavyozuia damu isigande, na kuumwa kwenyewe kwa kawaida hakuna maumivu. Ndiyo maana mtu haamki wakati anaumwa. Anaamka na matokeo.

Utajuaje kwamba ni kunguni?

Alama ya kunguni ni kipele kigumu kilichoinuka, kinachowasha sana, mara nyingi chenye kinukta katikati. Huonekana sehemu zilizokuwa wazi wakati wa kulala: mikono, mabega, shingo, uso na miguu. Mara nyingi vipele huja vitatu vitatu au vinne vinne, kwa mstari au kwa kundi, kwa kuwa mdudu mmoja huweza kuchoma mara kadhaa akitafuta mshipa, au wadudu kadhaa wakajipanga pembeni mwa nguo.

Vitabu vingi vya tiba vinasema vipele hivi ni vyekundu. Kwenye ngozi nyeupe ni kweli. Kwenye ngozi zetu usingoje wekundu: tazama uvimbe, na rangi iliyokoza kuliko ngozi ya pembeni. Vikipona huacha madoa meusi yanayoweza kudumu wiki au miezi. Madoa hayo si ugonjwa na hayahitaji dawa ya kuchubua ngozi.

Lakini ngozi peke yake haitoshi kumhukumu kunguni. Hata sisi madaktari, tukionyeshwa kipele kimoja mkononi, hatuwezi kuapa kimetokana na mdudu gani. Ushahidi uko kitandani. Tafuta vidoa vyeusi kwenye mishono ya godoro, matone madogo ya damu kwenye shuka, maganda ya rangi ya kahawia ambayo wadudu wamejivua, na mayai meupe kama vijipunje vilivyonata kwenye nyufa. Wakiwa wengi sana, chumba kinaweza kuwa na harufu nzito yenye utamu utamu. Njia bora ni kuamka kabla ya alfajiri, kuwasha tochi ghafla na kuinua pembe ya godoro. Ukimpata mmoja, mnase kwa utepe wa gundi au mtie kwenye kichupa, uje naye kituo cha afya. Mdudu mmoja mkononi ananisaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Vinavyofanana nao

Mbu huacha vipele vilivyotawanyika ovyo, na mwasho wake kwa kawaida hutulia mapema zaidi. Viroboto hupenda vifundo vya miguu na miguu ya chini, hasa kwenye nyumba yenye paka au mbuzi. Harara za joto ni vipele vidogo vingi vinavyochomachoma, na huota mahali penye jasho na nguo: mgongoni, kifuani, kwenye mikunjo. Tetekuwanga huja na homa, na vipele vyake hugeuka malengelenge yenye maji, vingi vikiwa kifuani na tumboni.

Upele ndio unaochanganywa zaidi na kunguni, na hapa mama wa Chokocho alipotoshwa. Upele unatokana na mdudu mdogo sana anayechimba ndani ya ngozi na kuishi humo. Mwasho wake pia huzidi usiku. Lakini tazama mahali: upele hukaa katikati ya vidole, kwenye viganja na vifundo vya mikono, kiunoni, makalioni, kwenye chuchu na sehemu za siri, yaani hata pale palipofunikwa na nguo. Kwa watoto wachanga hutokea hata nyayoni na kichwani. Upele huambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi, na tiba yake ni kutibu watu wote wa nyumba kwa wakati mmoja.

Zanzibar ina ushahidi wake juu ya hilo. Kuanzia 2001 wananchi wa Unguja na Pemba walimezeshwa kwa pamoja ivamektini na albendazoli kwa ajili ya kutokomeza matende na mabusha. Kumbukumbu za vituo vya afya zilionyesha kwamba wagonjwa wa upele nao walipungua sana, kwa kuwa ivamektini huua pia mdudu wa upele. Lakini usichukue habari hiyo ukaenda kununua ivamektini kwa sababu ya kunguni. Kunguni yumo kitandani, hayumo mwilini mwako, na dawa hiyo si tiba yake.

Kwa wasomaji wa Tanzania Bara kuna mdudu mwingine, papasi, anayejificha kwenye sakafu na kuta za udongo na kuuma usiku. Papasi ana miguu 8 na ngozi yenye mikunjo. Kunguni ana miguu 6. Tofauti hiyo ni muhimu, kwa sababu papasi huambukiza homa ya papasi. Ukiumwa usiku kisha ukapata homa kali inayopoa na kurudi, mweleze daktari habari ya mdudu huyo.

"Mbona mimi siumwi?"

Swali hili huzua ugomvi nyumbani. Mke amejaa vipele, mume analala kitanda hicho hicho na ngozi yake ni safi, basi anasema mke ana lake jambo.

Vipele havitokani na jino la mdudu. Vinatokana na mwili wako kuyakataa mate yake. Miili haifanani. Wapo wanaoumwa kila siku na wasiote hata kipele kimoja, na wapo wanaovimba kwa kuumwa mara moja tu. Anayeumwa kwa mara ya kwanza katika maisha yake anaweza kukaa siku kadhaa, hata zaidi ya wiki, kabla vipele havijajitokeza. Akiumwa tena na tena, vipele huja haraka zaidi. Kwa hiyo mgeni aliyelala kwako Ijumaa anaweza kuwashwa akiwa ameshafika kwao, na mume asiye na vipele huenda analiwa usiku kucha bila habari.

Je, kunguni anaambukiza maradhi?

Hofu kubwa ya wengi ni Ukimwi na homa ya ini. Mpaka sasa hakuna ushahidi kwamba kunguni huwaambukiza watu virusi vya Ukimwi. Kuhusu homa ya ini aina ya B, watafiti waliwafuatilia watoto nchini Gambia na kuchapisha matokeo 1994: nyumba zilizopigwa dawa kunguni walipungua, lakini maambukizi ya homa ya ini hayakupungua. Kunguni hakuwa ndiye mleta ugonjwa. Malaria nayo huletwa na mbu, si kunguni.

Hilo halina maana kwamba hana madhara. Mtoto anayeumwa usiku kucha anasinzia skuli. Mtoto mchanga au mzee anayelala kwenye kitanda chenye kunguni wengi sana kwa muda mrefu anaweza kupungukiwa damu. Mtu mzima anakosa usingizi, anakuwa na wasiwasi, anaogopa kuingia chumbani mwake. Na kubwa zaidi ni vidonda vinavyotokana na kujikuna.

Tiba ya mwasho

Habari njema ni kwamba vipele hivi vinapona vyenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi mbili, kama haujaumwa tena. Kazi yetu ni kutuliza mwasho na kuilinda ngozi isipasuke.

Osha sehemu zilizoumwa kwa sabuni ya kawaida na maji baridi. Kanda kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kwa dakika 10, mara kadhaa kwa siku. Kata kucha za watoto ziwe fupi na safi. Losheni ya kalamini, ile ya rangi ya waridi, ni rahisi na inatuliza.

Mwasho ukizidi, krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 husaidia. Paka kiasi kidogo juu ya kipele chenyewe, mara mbili kwa siku, kwa muda usiozidi siku 7. Usiipake kwenye kidonda kilicho wazi wala karibu na macho. Kwa mtoto mdogo, uliza kwanza kituo cha afya.

Dawa za mzio za kumeza zinasaidia pia. Setirizini au loratadini, miligramu 10 mara moja kwa siku kwa mtu mzima, hazileti usingizi mwingi. Piritoni inatuliza na inaleta usingizi, jambo linaloweza kuwa zuri usiku lakini la hatari mchana. Ukiwa umemeza piritoni usipande mkarafuu, usiendeshe bodaboda, wala usishike usukani wa boti ya kuvusha watu kwenda Kisiwa Panza. Mtoto wa chini ya miaka miwili usimpe dawa yoyote ya mzio bila ya kuelekezwa. Mjamzito naye aulize kwanza.

Sasa yale ya kuacha. Mirija inayouzwa kwa maelezo kwamba "inatibu kila kitu cha ngozi" mara nyingi imechanganywa dawa kali ya jamii ya steroidi pamoja na dawa ya fangasi na ya bakteria. Kwa siku mbili tatu mwasho hutulia na watu huisifu. Ikiendelea kupakwa, hasa usoni kwa watoto, ngozi inakuwa nyembamba, inaota chunusi, na inaweza kuuficha upele au fangasi mpaka vikasambaa. Mama, kama mrija ulionunua ni wa namna hiyo, nenda nao kituo cha afya wautazame.

Usipake mafuta ya taa, dawa ya meno, majivu wala maji ya betri. Na kwa sisi tunaoishi Pemba kuna moja la ziada: mafuta ya karafuu au ya makonyo. Ni mali yetu na harufu yake wadudu hawaipendi, lakini yakipakwa bila kuchanganywa huunguza ngozi, na mtoto akiyameza hata kidogo yanaweza kumletea degedege na kuharibu ini. Hayamalizi kunguni. Yaweke mbali na watoto.

Nenda hospitali haraka ukiona haya

Kipele kilichopasuka ni mlango wa bakteria. Ukiona usaha, magaga ya rangi ya asali, uvimbe wenye joto unaozidi kutambaa, au mtoto ana homa, hapo mwasho umegeuka maambukizi na unahitaji antibayotiki utakayoandikiwa na mtaalamu. Usinunue vidonge viwili vitatu vya kujaribia.

Jambo moja naomba kila mzazi wa Pemba alishike. Vidonda vya ngozi vyenye bakteria aina ya streptokoka vinaweza, wiki chache baadaye, kuathiri figo za mtoto. Mtoto huamka uso umevimba, hasa kuzunguka macho, anakojoa kidogo, na mkojo una rangi ya chai ya rangi au ya kola. Hapa kwetu mtoto akikojoa mkojo wa damu, wa kwanza kulaumiwa ni kichocho, na mara nyingi ni kweli. Lakini kichocho hakivimbishi uso. Mkojo mweusi pamoja na uso uliovimba kwa mtoto aliyekuwa na vidonda vya ngozi si jambo la kusubiri kampeni ya dawa ya kichocho. Mpeleke siku hiyo hiyo, Abdalla Mzee Mkoani au hospitali iliyo karibu nawe, apimwe mkojo na shinikizo la damu.

Mara chache sana mtu hupata mzio mkali: midomo na ulimi kuvimba, mabaka mwili mzima, kifua kubana, kizunguzungu. Huyo asisubiri hata dakika.

Chupa isiyo na jina

Tufike kwenye ile chupa. Dawa za wadudu za shambani, hasa za jamii ya oganofosfeti, zimetengenezwa kwa mazao, zipigwe nje kwenye upepo, na mtu avae kinga. Zikinyunyizwa kwenye godoro hunywewa na sponji. Mtoto anayelala juu yake anaivuta kwa pumzi na kuinyonya kwa ngozi usiku kucha. Dalili za sumu hiyo ni mate na jasho jingi, machozi, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, kutapika, kuharisha, misuli kurukaruka na kupumua kwa shida. Inaua. Na chupa isipokuwa na kibandiko, daktari hajui anapambana na nini.

Hatari kama hiyo imo kwenye vidonge vya kuhifadhia nafaka vya fosifidi ya aluminiamu. Vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo haina dawa ya kuipinga. Watu wamekufa katika nchi mbalimbali kwa sababu tu vidonge hivyo viliwekwa chini ya kitanda ili kuua kunguni, na wakati mwingine aliyekufa alikuwa kwenye chumba cha pili. Hata kimoja kisiingie ndani ya nyumba wanamolala watu. Petroli na mafuta ya taa nayo, pamoja na koroboi au dawa ya mbu ya kuwasha, ni moto unaosubiri.

Ikitokea mtu amepata sumu, mtoe nje penye hewa, mvue nguo, muoshe kwa sabuni na maji mengi, usimtapishe, mkimbize hospitali na uende na chupa au pakiti yake.

Kuwatoa nyumbani

Silaha kubwa ya kumuua kunguni ni joto. Joto la nyuzi 50 za Selisiasi humuua yeye na mayai yake kwa muda mfupi, na maji yanayochemka yana nyuzi 100. Wazee waliotoa kitanda cha kamba uani na kukimwagia maji ya moto walijua wanalolifanya.

Fanya hivi, chumba kwa chumba. Shuka, foronya, nguo na vyandarua vitoe vikiwa vimefungwa ndani ya mfuko, usivikokote nyumba nzima. Nguo na shuka ziloweke kwenye maji ya moto sana kwa nusu saa kabla ya kufua, kisha zianike juani na kuzipiga pasi. Chandarua chenye dawa usikichemshe. Kikung'ute nje, kagua mapindo na kifue kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, ukianike kivulini. Kitanda kifungue, kitoe nje, mwagia maji yanayochemka kwenye maungio na matundu ya misumari, watoto wakiwa mbali. Godoro lisugue kwa brashi kwenye mishono yote. Kulianika tu juani hakutoshi, kwa sababu wadudu huhamia upande wa kivuli. Ukipata karatasi kubwa ya plastiki nyeusi, lifunge humo na uligeuze geuze juani kutwa nzima. Mikeka na majamvi yakung'ute na uyapitishie maji ya moto kwenye kingo, hata kama rangi itafifia kidogo. Ziba nyufa za ukuta kwa saruji au udongo. Kitanda kisiguse ukuta, na shuka lisiburure sakafuni.

Kisha rudia baada ya siku 7 hadi 10, na tena baada ya muda kama huo. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Mara ya kwanza unaua walio hai. Mara ya pili na ya tatu unawakuta waliokuwa mayai.

Kama nyumba zimeshikana, zungumza na jirani na mfanye pamoja. Wakiwa wengi, mwombeni sheha awaunganishe na Bwana Afya wa wilaya. Ikilazimu dawa, iwe yenye kibandiko, iliyoruhusiwa kutumika ndani ya nyumba, na ipigwe na anayejua. Hata hivyo usiiwekee matumaini yote. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kunguni walishaanza kuizoea DDT huko Hawaii. Na karibu na kwetu zaidi, huko Muheza mkoani Tanga, vyandarua vyenye dawa viliwamaliza kunguni mwanzoni, lakini utafiti uliochapishwa 2002 ulikuta wamerudi wakiwa sugu kwa dawa ya jamii hiyo hiyo.

Habari ya Muheza inanifikisha kwenye ombi maalumu. Kuna watu wanaoacha kulala ndani ya chandarua kwa madai kwamba ndicho kinacholeta kunguni. Chandarua hakizai kunguni. Wanajificha humo kama wanavyojificha kwenye pazia. Ukikiacha umebaki na kunguni na umeongeza mbu. Zanzibar imeishusha malaria kwa kazi ya miaka mingi, na ugonjwa huo unarudi haraka pale tunapozembea.

Si aibu, lakini usinyamaze

Kunguni husafiri na watu. Huja ndani ya begi la mwanafunzi anayetoka dakhalia, ndani ya tandiko la mvuvi anayerudi dago, na la mchumaji anayerudi kambi ya karafuu. Huja na sofa na magodoro yaliyotumika yanayoteremshwa kutoka Uarabuni na Ulaya. Mwaka 2023 jiji la Paris lilitikisika kwa habari za kunguni kwenye sinema na treni. Hatafuti maskini wala mchafu; anatafuta damu. Usafi na mpangilio husaidia kumwona mapema, basi.

Anayemnufaisha kunguni ni ukimya wetu. Mwenye nyumba anaficha, mgeni anaona haya kusema, na mtoto anachekwa skuli mpaka hataki kwenda. Kwa hiyo, ukinunua kitanda au sofa lililotumika, likague juani kabla ya kuliingiza ndani. Ukirudi safari, fungulia begi uani na nguo zote ziende moja kwa moja kwenye maji ya moto. Na kama mgeni wako atakwambia kwa upole kwamba ameumwa usiku, mshukuru.

Kwa mama wa Chokocho: wakate watoto kucha leo, wapake kalamini, na uwapeleke kituo cha afya kama kuna kidonda chenye usaha. Chupa mkabidhi Bwana Afya, usiimwage kisimani wala pwani. Mwambie Bwana akusaidie kukitoa kitanda nje siku ya mapumziko, na mchemshe maji ya kutosha. Andika tarehe kwenye kalenda, na baada ya siku 7 mkitoe tena.